Viduara Vinane Nilivyochora Kumtega Wekesa

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukasoma hadi katikati ukadhani nataka kujitetea. Wako walionisukuma, na nitawataja, maana wao hawakunionea haya. Lakini mkono ulioshika kalamu ni huu wangu.

Mhariri, jina langu usiliandike. Mke wangu bado anapanga foleni ya maji kwenye mfereji mmoja na wake za watu ninaowataja hapa.

Kisomo changu ni darasa la nne. Nimezaliwa Majengo, Pumwani, na ujana wangu niliumalizia Kariokor nikikata ngozi. Makubadhi, mikoba, mikanda. Mkono wangu ulikuwa imara. Nilikata duara bila kupima, na ukilaza sahani juu yake huoni tofauti.

Hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Miaka ya sabini ikielekea kuisha, Daktari mmoja, tumwite Pereira, alikuja kununua mkoba akabaki amesimama, ananitazama nikikata. Akaondoka bila neno. Kesho yake akarudi na karatasi iliyojaa namba.

"Hebu zungusha mstari, uzizingire zote zinazofika ishirini," akasema. "Usiikanyage namba. Pita katikati."

Nikazungusha. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Jumatatu njoo kazini."

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, la sivyo hutaelewa ubaya wangu.

Taasisi ile, ambayo siitaji, ilikuwa inatafiti malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Daktari alitaka kuona protini moja ya kijidudu cha malale. Ni kitu kidogo hata hadubini haikioni. Wenzake wa Ulaya walipiga fuwele zake eksirei, kompyuta yao ikafanya hesabu, na sisi tukaletewa namba. Maboksi na maboksi ya namba.

Chukua mkate ukate vipande vyembamba. Kila karatasi yetu ilikuwa kipande kimoja cha mkate huo, imepigwa miraba kama daftari la hesabu, na kila mraba una namba yake. Namba kubwa maana yake mahali hapo pana kitu. Namba ndogo, hapo ni maji tu. Sisi tulilaza plastiki angavu juu ya karatasi, tukachora mstari kuzunguka namba za ishirini, ndani yake mstari wa arobaini, ndani yake wa sitini, kama ramani ya mlima.

Halafu plastiki zote zinapangwa kwenye fremu ya mbao, moja juu ya nyingine kwa mfuatano wake, taa ikiwa chini. Ukichungulia, ile mistari inakuwa mwili. Inapinda, inaingia, inatokea upande wa pili, kama mizizi iliyoganda ndani ya kioo. Siku ya kwanza nilipouona mwili ule nilibaki nimeinama hadi nikaulizwa kama naumwa.

Katikati yake palikuwa na shimo. Daktari aliliita mfuko. Zile fuwele zilikuwa zimelowekwa kwenye dawa, na swali lake kubwa lilikuwa moja tu: dawa imekaa ndani ya mfuko, au haikukaa?

Tulikuwa wachoraji wawili. Mwenzangu aliitwa Wekesa, mtu wa Bungoma, amepanga Kaloleni. Kabla ya hapo alikuwa akichora mabango ya maduka. Yeye alimaliza la saba. Mimi aliniita Mswahili, na sikuona ubaya.

"Mswahili, leo umechora au umemwaga chai?"

"Angalia mlima wako kwanza. Umetoka kama ugali."

"Ugali ni chakula cha wanaume. Wewe endelea na halua yako."

Jumamosi tulikwenda soko la Burma pamoja kula nyama, tukakaa kwa mchinjaji Mwislamu kwa ajili yangu, na hakuwahi kulalamika hata siku moja. Mke wake, Mama Naliaka, na mke wangu walipelekeana vyombo. Mtoto wake akiumwa, kwangu tunajua kabla ya jirani yake.

Pale kazini palikuwa na sheria moja. Plastiki yako haiendi rafuni kabla mwenzako hajaikagua. Anailaza juu ya karatasi ya namba, anapita mstari kwa mstari, akiona sawa anaweka tiki kwenye kona. Akiona kosa anakurudishia urekebishe mwenyewe. Tiki ya Wekesa ilikuwa na mkia mrefu uliopinda juu kama ndoana.

Siku moja nikachukua plastiki yangu namba sita kutoka rafuni. Nikaona mstari ambao si wangu.

Mtu anaujua mkono wake. Mstari wangu ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe, polepole sana, na badala yake umepita mwingine kwa nje kidogo. Tiki ya Wekesa ipo kwenye kona. Nikairudisha rafuni. Sikumwambia mtu. Wiki iliyofuata nikaona namba tisa, mambo ni yale yale.

Sasa ndipo anapoingia Kisilu, na jina lake nalitaja kwa raha zangu. Kisilu alikuwa mtu wa stoo. Plastiki, wino, nibu, vyote vilitoka mkononi kwake, na maneno pia.

"Ndugu yangu, umesikia habari ya mashine?"

"Mashine gani?"

"Ya kuchora. Namba zinaingia tumboni mwake, picha inatokea kwenye kioo kama televisheni. Nyinyi na plastiki zenu mnaenda nyumbani."

"Sote wawili?"

"Mmoja atabaki kuikalia. Kiti ni kimoja." Akanipimia wino wangu pole pole, kama mtu asiye na haraka ya dunia hii. "Mwenzako anajua tangu zamani. Hajakuambia?"

Nikachukua wino wangu.

"Na plastiki zako," akasema, "zinarudi vile ulivyozipeleka?"

Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya namba sita. Alijuaje? Swali hilo lilistahili kuulizwa pale pale. Siku ile sikujiuliza. Siku ile niliona tu kwamba hata mtu wa stoo anajua naibiwa, ila mimi.

Kuanzia hapo macho yangu yakaanza kazi nyingine. Wekesa akifunika meza yake kwa gazeti, naona anaficha kitu. Akifika kabla yangu, anatafuta nini huko peke yake? Nikiingia wakanyamaza yeye na Daktari, basi walikuwa wananisema. Sikukuu ya Idi tulipeleka pilau Kaloleni, na Mama Naliaka akarudisha sahani tupu. Kwetu sahani hairudi tupu.

"Umeona hiyo?" nikamwambia mke wangu.

"Nimeona sahani."

"Tupu."

"Alikuwa na haraka, mtoto alikuwa analia. Wewe siku hizi una nini?"

Nikamwambia haelewi mambo ya kazi. Mke wangu hakusoma kabisa, na aliyaelewa yote.

Nikaamua kumtega. Hili ndilo kosa, sikiliza vizuri.

Nilikuwa nimepewa plastiki nane, namba kumi na moja mpaka kumi na nane. Nikawaza hivi: Wekesa anataka niharibikiwe ili kiti kiwe chake. Atachukua plastiki yangu kutoka rafuni, ile rafu isiyo na kufuli, achore nyingine yenye makosa aiweke mahali pake. Basi nitatia alama yangu ya siri katika kila moja. Plastiki itakayokutwa haina alama, hiyo ni yake, na nimemshika.

Alama ya pembeni angeiona. Kwa hiyo nikachora kiduara kidogo, kama punje ya maharagwe, katikati ya kazi, mahali penye viduara vingine vidogo vidogo vya kweli. Kwenye karatasi pale palikuwa na tano, saba, nne. Maji matupu. Na ili nisisahau, nikakiweka mraba ule ule katika plastiki zote nane. Ishirini na moja kwenda kulia, thelathini na nne kushuka.

Unaona? Mimi sikuona. Sisi tulifanya kazi plastiki moja moja, ukimaliza hii unashika nyingine. Sikuwaza hata mara moja zitakavyokuwa zikipangwa.

Ikabaki tiki. Nikimpa Wekesa akague, atakiona kiduara kimezingira maji atauliza. Kwa hiyo sikumpa. Nikachukua kalamu nikaiga tiki yake, mkia na ndoana yake, mara nane. Mtu aliyekata ngozi miaka kumi na mitano hashindwi na tiki. Kisha nikaziweka rafuni, nikangoja.

"Mswahili," akaniambia Wekesa Ijumaa, "mbona sijaziona zako za wiki hii?"

"Nimempelekea Daktari mwenyewe. Alikuwa anazitaka haraka."

Akanitazama. "Hazijakaguliwa."

"Kwani mimi mtoto?"

"Sijasema wewe mtoto." Akageukia meza yake. "Haya."

Hiyo 'haya' yake niliibeba hadi Majengo. Nikasema, ameshtuka. Amejua amekosa nafasi ya kukagua, sasa atazitafuta rafuni.

Asubuhi ya Jumanne Daktari akapanga fremu. Akaweka plastiki zote, akawasha taa chini, akainama. Akakaa ameinama muda mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa mwekundu.

"Njooni," akasema. "Njooni muone. Ndani ya mfuko kuna kitu."

Tukachungulia kwa zamu. Wekesa kwanza, kisha msimamizi wa maabara, Bwana Obare, kisha mimi.

Kilikuwepo. Katikati ya mfuko, mahali palipokuwa wazi, imesimama fimbo. Nyembamba, imenyooka, vipande vinane vya mkate kwenda chini. Daktari alisema kimo chake kinakaribiana na cha ile dawa. Alikuwa akimshika Bwana Obare bega akicheka kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Viduara vyangu.

Ndugu yangu unayesoma, nilijua mambo mawili pale pale, nikiwa bado nimeinama. La kwanza, ile dawa ni mimi. La pili likanichoma zaidi. Vyote vinane vilikuwepo. Hakuna plastiki hata moja iliyobadilishwa. Mtego niliomwekea Wekesa ulikuwa umenionyesha, mbele ya taa, kwamba Wekesa hakunigusa.

Ningesema pale. Ilikuwa sentensi moja: Daktari, hizo ni alama zangu. Angenikasirikia, angenirudisha Kariokor, basi. Lakini Daktari alikuwa anacheka, Bwana Obare ameagiza chai na mandazi, na Wekesa ananipiga mgongoni ananiambia, "Mswahili, hizo ni plastiki zako! Umekamata dawa!"

Nikanywa chai. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho Daktari akapiga picha fremu. Kesho kutwa akaandika barua Ulaya. Kila siku iliyopita ilifanya ile sentensi iwe nzito zaidi, na mimi nikawa napita mbali na fremu ile kama kuna maiti ndani yake.

Baada ya miezi kama miwili majibu yakaja. Wenzake waliuliza kwa adabu: hiyo fimbo mmeiona wapi? Sisi kwenye namba hatuioni.

Daktari akafunga mlango. Akatoa karatasi za namba na plastiki zile nane, akalinganisha moja baada ya nyingine mbele yetu. Tano. Saba. Nne. Sita. Sauti yake ikawa inashuka. Alipofika ya nane alikaa chini.

"Nani amechora hivi?"

Mimi nikasema plastiki ni zangu, siwezi kukana. "Lakini hivyo viduara sivijui, Daktari. Mimi nilichora nikampa mwenzangu akague. Na si mara ya kwanza plastiki zangu kurudi na mistari isiyo yangu."

Maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu laini kabisa, kana kwamba nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Labda nilikuwa nimeyafanyia.

Kisilu akaitwa. Akasema ni kweli, amemwona Wekesa kwa macho yake akikwangua plastiki zangu kwa wembe, na zaidi ya mara moja.

Daktari akamgeukia. "Wekesa, umewahi kuchora juu ya kazi ya mwenzako?"

Wekesa angeweza kusema hapana.

"Ndiyo, Daktari. Mara kadhaa."

"Kwa nini?"

Akaniangalia. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikatazama kalamu zilizokuwa mezani. "Hayo ya zamani ni yangu na yeye," akasema. "Lakini hizi nane sijawahi kuzishika. Na hiyo tiki si yangu."

"Ni ya nani?"

"Muulize mwenye plastiki."

Daktari akaniuliza. Nikasema, "Mimi sijui."

Maneno mawili. Kama kuna mahali nitaulizwa kesho kwa Mungu, ni hapo.

Bwana Obare naye nimtaje. Alikuwa na plastiki zaidi ya mia zenye tiki ya kweli ya Wekesa. Kuziweka mbili bega kwa bega kungemchukua dakika moja, maana mimi naijua ndoana yangu, ilipinda kidogo zaidi. Hakuziweka. Aliandika barua ya kufukuza siku hiyo hiyo, akaandika ndani yake kwamba mtu huyu ameghushi matokeo ya utafiti.

Wekesa alikunja koti lake la kazi, akaliacha juu ya meza. Alipopita karibu nami akasimama.

"Mswahili, nenda ukapime macho."

Nililichukua kama tusi. Kwamba mimi kipofu, simwoni mtu wa kweli. Nikasema moyoni, hata leo ananitukana.

Mashine ikaja, na kiti nikapewa mimi.

Ilikuwa vile Kisilu alivyosema. Kioo cheusi, mistari ya kijani, na vitufe vya kuzungusha. Namba zile zile tulizokuwa tunazihangaikia mwezi mzima, mashine ilizimeza ikachora kwa kufumba na kufumbua. Unageuza kitufe, protini nzima inageuka. Kulikuwa na kimoja cha kiwango. Ukikipandisha, ukungu unapungua, inabaki mifupa ya kweli tu. Ukikishusha, ukungu unajaa kila mahali, na ndani ya ukungu ule unaweza kuona chochote unachotaka, fimbo, nyoka, hata uso wa mtu unayemchukia. Nilifikiria sana kitufe kile. Mwaka ule wote kichwa changu kilikuwa kimeshushwa kiwango.

Kila wageni wakija Daktari ananiambia, "Waonyeshe mfuko." Naonyesha. Mfuko ni mtupu. Mashine haina siri, haina mtego, inachora namba ilizopewa. Daktari anaangalia ule utupu anageuka dirishani.

Siku moja akaniambia nimsomee namba. Nikasoma thelathini na tatu.

"Soma tena."

"Thelathini na tatu, Daktari."

"Ni thelathini na nane. Kapime macho."

Nikapima. Wakaniambia jicho la kulia limeharibika siku nyingi, na la kushoto linafuata. Wakanipa miwani. Wiki ile nikaambiwa nifunge plastiki za zamani kwenye maboksi, zipelekwe stoo. Nikafika namba sita.

Sikutaka. Lakini nikatafuta karatasi yake ya namba, nikavaa miwani, nikailaza plastiki juu.

Palipokwanguliwa mstari wangu, nilikuwa nimesoma tatu mahali pa nane, thelathini na mbili badala ya themanini na mbili, upande mzima wa mlima. Mstari wa Wekesa ulipita mahali pake hasa. Nikaangalia namba tisa. Kweli tupu. Alikuwa ananisahihisha. Sheria ilimtaka anirudishie mbele ya watu, ijulikane kwamba sioni tena, na mchoraji asiyeona ana kazi gani? Akachukua wembe akanifichia.

Na bado nitakuambia ukweli, kwa kuwa hapa ndipo mahali pa kuusema. Kuna asubuhi naamka nawaza, je, kama alikuwa anayakusanya makosa yangu ayatoe siku ya kugombea kiti? Naam, mpaka leo. Ushahidi nimeushika kwa mikono yangu na bado shaka inabisha hodi. Ndivyo inavyokuwa ukishaizoea.

Nilimtafuta. Kaloleni chumba kina watu wengine. Nikaambiwa yuko Eastleigh, anachora mabango ya hoteli za kulala. Nikamkuta juu ya ngazi, mkebe wa rangi umefungwa kiunoni, anachora herufi nyekundu.

"Wekesa."

Akaangalia chini. "Mswahili. Umevaa miwani."

"Shuka tuongee."

"Nikishuka herufi itakauka vibaya. Sema tu."

Nikasema. Nimesimama barabarani, shingo imeinuka, watu wananipita na mizigo, nikamweleza viduara, tiki, yote. Yeye hakuacha kuchora. Alimaliza herufi, akaanza nyingine.

"Kisilu ndiye aliyenitia maneno," nikamwambia.

"Hata mimi alinijia. Aliniambia unanichongea kwa Daktari upate kiti."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia anipimie wino wangu niende."

Nikasogea karibu na ngazi.

"Umemwambia Daktari?" akauliza.

"Bado. Nilitaka wewe ujue kwanza."

Hapo akageuka mzima, ngazi ikayumba. "Mimi najua. Nilijua siku ile ile. Kilometa ngapi umetembea kuja kumwambia habari mtu anayeijua? Nimeomba kazi ya kuchora ramani mahali pawili. Kote wanapiga simu kule, wanaambiwa huyu ni mghushi wa utafiti. Nenda kwa Daktari, Mswahili. Mimi huna cha kunipa."

Akarudi kwenye herufi zake.

Nilikwenda? Ningekwenda kesho yake, tungekuwa tunasimuliana habari nyingine. Nilingoja. Nilijiambia mkataba wangu uishe kwanza. Ukaisha, maana macho yangu hayakustahimili mistari ya kijani, na unajua nani alikalia kile kiti? Shemeji yake Kisilu, kijana wa watu aliyekuwa hajawahi kushika hata rula. Nilipokwenda hatimaye kumtafuta Daktari, nikaambiwa amehama nchi na familia yake. Barua niliyomwandikia haikujibiwa. Bwana Obare alinisikiliza amesimama mlangoni, akaniambia faili lile limeshafungwa, na kwamba mtu aliyeachishwa kazi ana sababu nyingi za kubuni hadithi.

Hakuniamini. Mara ya kwanza nasema kweli ndani ya jengo lile, na sikuaminika.

Mke wangu nilimwambia mwaka jana. Hakupiga kelele. Alichukua sahani ya Mama Naliaka iliyokuwa imebaki kwetu, akaenda nayo mwenyewe Eastleigh kwa miguu, na hakuniambia waliongea nini. Mimi Jumamosi nakaa nyumbani.

Basi wewe unayefanya kazi na mwenzako. Siku mtu wa stoo atakapokuja kukupimia maneno, na kila mahali pana wa stoo, usiende kutafuta alama wala mtego. Nenda meza ya pili umuulize mwenyewe: huu mstari ni wako? Labda atakuwa na jibu la aibu, na labda aibu yenyewe itakuwa ni yako. Uliza hivyo hivyo. Na ukishakosa, siku ya kusema ni ile chai ikiwa bado moto. Ukiiacha ipoe utakuwa unasema kwa watu wasiokusikiliza.

Mhariri, najua barua za watu kama sisi mnazipunguza ili zienee kwenye ukurasa. Punguza Kariokor, punguza macho yangu, punguza hata toba yangu, sina neno. Ila mstari mmoja usiuguse, hata kama utabaki peke yake kwenye gazeti, maana huenda ukasomwa na mtu anayetafuta mchoraji:

Wekesa wa Kaloleni hakughushi. Viduara vyote vinane nilichora mimi.